Tokeni za mtandaoni zinavyomeza akiba ya nyumba

Mavuno yakipita, fedha huonekana Kilosa. Aliyelima ufuta au mpunga amepata chake, na mkulima wa miwa wa Ruembe anasubiri malipo kutoka kiwandani. Huko Mikumi, kwenye barabara kuu iendayo Zambia, mama lishe, muuza vocha na mwenye gesti hawasubiri msimu. Wao huweka kidogo kidogo kila siku, wengine kwenye simu, wengine kwenye kikoba. Fedha hiyo ina majina tayari: ada ya Januari, bati za nyumba, mtaji wa duka, matibabu ya bibi.

Fedha hiyo hiyo ndiyo inayotafutwa na wauzaji wa tokeni za uongo. Hawaji na bunduki. Wanakuja kupitia kundi la WhatsApp, na mara nyingi anayekuunganisha ni mtu unayemwita shemeji, kaka au mama mchungaji.

Tokeni ya LUKU na tokeni ya tapeli

Neno tokeni si geni kwetu. Ukinunua umeme wa LUKU unapewa tokeni yenye tarakimu 20. Unaziingiza kwenye mita, taa inawaka. Nyuma ya tarakimu zile kuna umeme wa TANESCO. Ukipewa tarakimu ambazo hazina umeme nyuma yake, utabonyeza mpaka asubuhi na utabaki gizani.

Tokeni za sarafu za mtandaoni nazo ni tarakimu zinazotunzwa kwenye kompyuta. Kampuni inatangaza kwamba inaanzisha sarafu yake mpya, na kabla haijaingia sokoni inawauzia watu tokeni kwa bei ya chini. Maneno ni yale yale: nunua leo kwa shilingi 50, mwezi ujao itakuwa 500. Swali la kuuliza ni lile la LUKU: nyuma ya tarakimu hizi kuna nini? Nani atakuja kuzinunua kwangu, kwa fedha yake, siku nitakapotaka kuuza?

Katika mauzo ya ulaghai, jibu ni hakuna. Bei unayoiona ikipanda kwenye simu haipandishwi na wanunuzi. Imeandikwa na mwenye programu, kama mtu anayejiandikia alama kwenye daftari lake mwenyewe. Ndiyo maana haishuki hata siku moja. Mahindi ya Dumila hupanda na kushuka bei kwa sababu kuna wanunuzi wa kweli wenye hiari ya kukataa. Bei isiyoshuka kamwe haijafika sokoni.

Mwanzoni, ukiomba kutoa kidogo unaweza kupewa. Unapokea shilingi 30,000 kwenye simu, unamwonyesha jirani, naye anaingia. Lakini 30,000 ile haikutoka kwenye faida. Imetoka kwa mwingine aliyejiunga jana. Ukitaka kutoa zote, masharti yanaanza: fedha zimefungwa kwa miezi sita, au lipa kwanza kodi ya kutolea, au leta watu watano zaidi.

Mbuzi watatu wa Uganda

Kisa kikubwa zaidi cha aina hii ni cha OneCoin. Ilianzishwa mwaka 2014 huko Sofia, Bulgaria, na mama aitwaye Ruja Ignatova pamoja na mwenzake Karl Sebastian Greenwood. Waliuza vifurushi vya masomo vyenye tokeni ndani yake, wakisema tokeni hizo zitageuka kuwa sarafu itakayoishinda Bitcoin. Sarafu yenyewe haikuwa na daftari la wazi la miamala kama sarafu nyingine, na bei yake ilipangwa ofisini. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema watu wapatao milioni 3.5 walipoteza zaidi ya dola bilioni 4.

Oktoba 2017 Ruja alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens na hajaonekana hadharani tangu hapo. Mwaka 2022 FBI ilimweka kwenye orodha yake ya watu kumi wanaosakwa zaidi. Greenwood alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwezi Septemba 2023.

Yasionekane kuwa mambo ya Ulaya. OneCoin iliingia Uganda na kufika vijijini. Mwaka 2019 BBC ilieleza habari za kijana mmoja wa huko aliyeuza mbuzi watatu ili apate bei ya kifurushi kidogo kuliko vyote. Mama yake, mkulima, naye akaweka akiba aliyokuwa ameitenga. Mkulima wa Kilosa anajua mbuzi watatu ni nini: ni ada ya mtoto, au dawa ya usiku wa dharura.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2019, kampuni ya Dunamiscoins iliyokuwa ikiahidi faida kubwa kwa muda mfupi ilifunga ofisi zake Uganda ghafla, ikiwemo ya Masaka. Maelfu ya watu walibaki wakigonga milango, wakiwemo walioacha kazi zao ili wafanye kazi ya kuleta wanachama.

Sisi tulikuwa na DECI

Tanzania tulionja mapema, kabla ya tokeni. Wengi wanaikumbuka DECI. Hapo hapakuwa na kompyuta wala sarafu ngeni. Palikuwa na lugha ya shamba. Ulipanda mbegu, kisha ukavuna mara mbili au zaidi. Wengine waliiamini kwa sababu waliohusika walitoka makanisani. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake wanne. Kosa lilikuwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni.

Februari 2025 Polisi walikamata watu sehemu mbalimbali nchini kwa kuhusishwa na LBL, ambako watu waliweka fedha wakiahidiwa malipo kwa kutazama vipande vya filamu kwenye simu. Jina hubadilika, leo mbegu, kesho filamu, keshokutwa tokeni. Hesabu ndiyo haibadiliki.

Tuipige hesabu hiyo hapa kwetu. Kila anayejiunga anatakiwa kuleta watu watano. Ngazi ya kwanza ni watu 5, ya pili 25, ya tatu 125, ya nne 625. Ngazi ya nane peke yake inahitaji watu 390,625, na ukijumlisha ngazi zote nane unapata 488,280. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 438,175 katika Wilaya ya Kilosa nzima, vichanga na vikongwe wakiwemo. Ngazi nane tu, na idadi hiyo imepitwa. Walioko ngazi ya mwisho, ambao ndio wengi kuliko wote, watamleta nani?

Sheria inasemaje

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa kwa umma kwamba fedha halali nchini ni shilingi, na ikaonya dhidi ya biashara ya sarafu za mtandaoni. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko ya teknolojia hiyo. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali.

Wauzaji huinukuu kodi hiyo na kusema, "Serikali imeshahalalisha." Kutozwa kodi hakuigeuzi ahadi ya muuzaji kuwa kweli, na hakuna anayekuhakikishia kwamba mtaji wako utarudi. Anayekusanya amana za watu anahitaji leseni ya Benki Kuu. Anayewauzia wananchi hisa au dhamana anapaswa kuidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Cheti cha BRELA kinaonyesha tu kwamba kampuni imesajiliwa jina. Upatu wenyewe ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na anayealika wenzake anaweza naye kujikuta akihojiwa.

Jeraha lililo ndani ya nyumba

Fedha ikipotea, kinachofuata mara nyingi ni kimya. Baba aliyechukua fedha za bati bila kumwambia mkewe anaanza kuchelewa kurudi. Mama aliyeweka fedha za kikoba anaacha kuhudhuria vikao. Wapo wanaokimbilia mikopo ya kausha damu ili kuziba pengo kabla halijagundulika, na hapo shimo moja linakuwa mawili. Mtoto ndiye anayejua wa mwisho, anaporudishwa nyumbani kwa kukosa mchango.

Aibu hii ni rafiki mkubwa wa tapeli. Wakati wewe umejificha, yeye anaendelea kuvuna kwa jirani yako. Walioibiwa na OneCoin wapo Ulaya na Marekani, watu waliosoma na wenye kazi nzuri. Kulizwa si dalili ya ujinga, kwani tapeli hutumia imani tuliyonayo kwa ndugu zetu, na bila imani hiyo hakuna familia.

Ukijua mwenzako amepoteza, jizuie usianze na "nilikuambia". Uliza kwanza mambo matatu: ni kiasi gani, zilitumwa kwa namba ipi, na je, kuna deni? Hasira ina haki yake, lakini siku ya kwanza ni ya kuokoa kinachookoka.

La kufanya

Kama umetuma fedha muda mfupi uliopita, piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja na ueleze. Fedha ikiwa bado haijatolewa kwenye namba iliyopokea, kuna nafasi ya kuizuia. Saa zikipita nafasi hiyo hupungua.

Usifute chochote. Hifadhi ujumbe wa muamala, mazungumzo ya WhatsApp, majina ya makundi na picha za programu. Nenda navyo kituo cha polisi, Kilosa, Mikumi au popote ulipo, ufungue taarifa na upewe namba ya RB. Nendeni wengi mkiweza. Malalamiko ya watu 20 yana uzito kuliko ya mmoja. Ujumbe na namba za matapeli zitumwe pia kwenda 15040. Kwa kupiga *106# utaona kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Usilipe mara ya pili. Baada ya wiki chache atatokea mtu anayejiita wakili au mtaalamu wa mitandao, akisema anaweza kurudisha fedha zako ukimlipa gharama ndogo. Mara nyingi ni mtu wa kundi lile lile, na orodha ya waliolizwa anayo.

Kama ulimwingiza ndugu, mwambie mapema, hata kama bado ana matumaini. Kama fedha ni ya kikoba, toa taarifa kwenye kikao. Kikundi kinaweza kukupangia ratiba ya kulipa; kisichoweza kukivumilia ni kugundua chenyewe.

Kwa ambao bado hawajaguswa, ipo kanuni nyepesi ya nyumbani. Fedha yoyote inayozidi kiasi mlichokubaliana, iwe 50,000 au 200,000, isitoke bila wawili kuijua na bila kulala nayo usiku mmoja. Tapeli hupenda haraka: "Nafasi zinafungwa leo saa sita usiku." Biashara ya kweli itakuwepo kesho asubuhi. Kikoba nacho kiandike katika katiba yake kwamba fedha za wanachama haziwekezwi mahali popote bila kikao na muhtasari uliosainiwa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tokeni inayohitaji kutembezwa na shemeji, kupigiwa debe kwenye kundi na kusifiwa na mgeni msiyemjua tayari imejieleza. Jioni ya leo, kabla ya taarifa ya habari, muulize mwenzako kwa upole: kuna mahali tumeweka fedha ambapo mmoja wetu hapajui? Kama jibu ni ndiyo, mna bahati ya kulipata kabla ya Januari.