Saa za Kazi ni Shauri la Mtoto Pia



Tunapojadili saa za kazi, tunafikiria mshahara na uchovu wetu. Leo tumfikirie mtoto aliyebaki nyumbani.

Wako wazazi wasemao, "Nimelipa karo, iliyobaki ni kazi ya mwalimu." Sivyo. Mtoto hafunzwi na kitabu peke yake. Hujifunza kwa kuuliza na kujibiwa, kwa kucheza na wenzake na kwa kuwaiga wakubwa.

Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu mmoja, Bibi Mary Ainsworth, alitembelea nyumba za vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama akina mama 26 na watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake anamjua vizuri na kumwitikia hakuwa mwoga: alitambaa mbali, akashika hiki na kile, kisha akarudi kwa mama. Yule asiye na hakika na mama yake alilia sana, hata akiwa amepakatwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Maana yake ni rahisi: mtoto mwenye mtu wa kumtegemea ndiye anayethubutu kujifunza.

Watoto wenzake nao ni walimu. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na madarasa yote hayakurudi mpaka tarehe 10 Januari 2022. Masomo yalitolewa redioni na karatasi ziligawiwa, lakini watoto wengi walibaki nyuma. Wengine waliingia kazini, wasichana wengi wakapata mimba, na wako wasiorudi darasani tena. Redio haimsikii mtoto akisema, "Sijaelewa."

Basi tufanye nini?

Nyumbani, ukitoka shifti, mpe mtoto hata robo saa. Muulize amejifunza nini, naye akuulize. Kama hujui kusoma, mwambie akusomee; atafurahi kuwa mwalimu wako. Mkubwa amsaidie mdogo wake. Mkutano wa wazazi usiukose.

Lakini anayetoka alfajiri watoto wamelala, akarudi usiku wamelala, ataongea nao saa ngapi? Hapo ndipo chama kinapoingia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka saa 48 kwa juma na siku moja ya mapumziko. Mama mzazi ana likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4. Hiyo ni haki, si zawadi ya mwajiri.

Najua utasema, "Ovataimu ndiyo inayolipa karo." Ni kweli. Kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha mswada wa kima kipya mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Mzazi asilazimishwe kuchagua kati ya karo ya mtoto na kumwona mtoto mwenyewe. Mshahara wa saa 48 lazima utoshe.

Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kulea kunataka muda. Katika mkutano ujao wa tawi, waambieni wawakilishi wenu: saa za kazi, siku ya mapumziko na likizo ya uzazi ziandikwe wazi katika mapatano yetu na mwajiri, tena zifuatwe.

Umoja ni nguvu!