Mpingo Ndani ya Pikseli

Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupiga picha eneo lile lile kila baada ya siku chache, na picha hizo hutolewa bure. Watafiti wanazitumia kuifundisha kompyuta kutofautisha aina za miti. Kwa misitu ya vijiji vya Kilwa nchini Tanzania, swali zito ni kama mbinu hii inaweza kuuona mpingo.

Setilaiti hizo hupima mwanga katika mikanda 13, mingine isiyoonekana kwa macho yetu. Jani bichi huakisi kwa wingi infraredi ya karibu, na maji yaliyomo ndani yake hufyonza infraredi ya mawimbi marefu zaidi. Lakini kinachosaidia kuliko vyote ni majira. Myombo huchipua majani mekundu wiki kadhaa kabla ya mvua, wakati miti mingi jirani bado mitupu. Picha ya siku moja inaweza kulikosa tukio hilo. Picha za mwaka mzima zikipangwa kwa mfuatano, linajitokeza.

Mpingo hauna bahati hiyo. Ni mti mdogo, mara nyingi wenye mashina kadhaa na matawi yaliyoachana kiasi kwamba nyasi huonekana kutoka juu. Pikseli bora ya Sentinel-2 hufunika mita za mraba 100, na humo mpingo huchanganyika na majirani zake, nyasi na udongo. Huo ndio mti wa klarineti na vinyago vya Wamakonde, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jenasi yake yote, Dalbergia, inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Mti unaowindwa sana ndio huo usioonekana vizuri, na hilo linatisha.

Tena, kompyuta haijui jina la mti wowote mpaka iambiwe na mtu aliyesimama chini yake. Mtu huyo huchanja gome kwa panga. Utomvu mwekundu kama damu ukitiririka, anataja mninga, na mwenzake anaandika namba za GPS. Chini ya matawi kifaa hicho huweza kukosea kwa mita kadhaa, na hizo zinatosha kuuhamishia mninga kwenye pikseli ya jirani. Kosa likishaingia kwenye mafunzo, algoriti hulishika kama ukweli.

Kwa hiyo ramani ikidai usahihi wa asilimia 90, ulizeni miti ya majaribio ilitoka wapi. Ikiwa ilisimama jirani na ile ya mafunzo, kompyuta imepewa mtihani iliokwisha kuuona. Utafiti wa misitu ya Afrika ya Kati uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kuwa ramani ya uzito wa miti iliyoonekana nzuri ilipoteza karibu nguvu yake yote ilipopimwa mbali na data zake. Majina ya miti hayana kinga dhidi ya kasoro hiyo.

Setilaiti ioneshe moto ulipopita, shamba jipya lilipofunguliwa, na miombo mizito inapoishia. Kuhesabu mpingo wa kuvunwa kubaki kwa kamati za maliasili za vijiji, na bajeti ya ramani ianze na posho ya wanaotembea msituni.