Okidi na vyura katika sanduku moja la kioo: kwa nini unyevu peke yake hautoshi

Anayetaka kukuza okidi pamoja na vyura ndani ya sanduku la kioo jijini Kampala hulazimika kuwapatanisha viumbe wenye mahitaji tofauti. Chura huhitaji unyevu saa zote, ilhali okidi nyingi huoza mizizi zisipopata nafasi ya kukauka.

Upatanisho huo umo tayari katika misitu ya Uganda. Mabira, msitu unaopitiwa na barabara ya Kampala kwenda Jinja, una okidi zinazojishikiza kwenye matawi bila kuunyonya mti unaozibeba. Mvua huzilowesha, kisha upepo huzikausha. Mizizi yake imevikwa tabaka jeupe linalofyonza maji mithili ya sifongo. Chini, kwenye majani yaliyooza, vyura hujificha palipo na ubaridi na maji.

Kuliandaa sanduku

Sanduku zuri huiga mpangilio huo. Chini huwekwa kokoto za kupitishia maji, kisha udongo na majani makavu kwa ajili ya vyura. Okidi ndogo, kama zile za jamii ya Polystachya, hufungwa kwa uzi juu ya kipande cha gome, wala hazifukiwi. Mfuniko huachiwa sehemu yenye wavu ili hewa ipite.

Maji hunyunyizwa asubuhi ili mizizi ikauke kabla ya usiku, na hupunguzwa wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Sanduku lisiwekwe juani, kwani kioo hunasa joto na vyura hufa upesi.

Hatari nyingine ni dawa. Ngozi ya chura hupitisha maji pamoja na kilichomo ndani yake, hivyo dawa ya wadudu isiyoidhuru okidi huweza kumuua chura. Mmea ulionunuliwa huoshwa na kutengwa kwa wiki kadhaa kwanza.

Funzo la Kihansi

Nchini Tanzania, masanduku ya namna hii yaliokoa kizazi kizima. Vyura wa Kihansi waliishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Mradi wa umeme ulipoyapunguza maji, manyunyu yalififia. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani na kutunzwa kwa manyunyu ya kutengenezwa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 uzao wao ukaanza kurudishwa Kihansi. Hata hivyo, kuwarejesha kulihitaji pia mitambo ya kunyunyiza maji katika korongo lenyewe, kwa kuwa sanduku haliwezi kuwa badala ya makazi.

Kutoka msituni au bustanini?

Ndiyo maana asili ya mmea ina uzito. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini huhitaji msaada wa kuvu ili iote. Okidi iliyobanduliwa mtini haipati mrithi kwa urahisi. Biashara ya kimataifa ya okidi hudhibitiwa na mkataba wa CITES, ambao Uganda ni mwanachama wake.

Kwa hiyo, mkulima hushauriwa kununua miche iliyozalishwa bustanini, na kuiuliza Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, kuhusu kibali kabla ya kufuga kiumbe yeyote wa porini.