Usiende kwa daktari wa urembo mikono mitupu

Mtu wa Gitega au Muyinga, hapa Burundi, anayetaka kupunguzwa ngozi inayoning'inia juu ya kiwiko, baada ya kukonda sana au kwa sababu ya umri, mara nyingi hulazimika kusafiri. Wengine huelekea Nairobi. Wengine huvuka mpaka wa Kobero kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, kutafuta huduma ya upasuaji rekebishi kama ile ya hospitali ya Mloganzila. Ukifika, randevu yenyewe inaweza kuwa ya nusu saa tu. Kitakachoifanya iwe na maana ni yale utakayokuwa umeyakusanya nyumbani.

Anza na makovu. Upasuaji huu unakuondolea ngozi na kukuachia kovu, tena refu: kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, upande wa ndani. (Ngozi ikivutwa na kurudi haraka, pengine kunyonya mafuta peke yake kutatosha, na kovu litakuwa dogo.) Sisi wenye ngozi nyeusi huota keloidi kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo jikague: alama ya chanjo ya BCG uliyochomwa utotoni, matundu ya hereni, chale za mganga, mshono wa uzazi. Kovu lililovimba, linalowasha na kutambaa nje ya jeraha lake la kwanza ni habari ambayo daktari hataipata kwenye kipimo cha damu. Mwonyeshe bila kusubiri akuulize.

Jambo la pili watu hulificha kwa aibu: mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali. Zikipakwa kwa miaka, ngozi hukonda, hupasuka michirizi, hasa upande wa ndani wa mikono, na jeraha huchelewa kupona. Nyingine hupenya hadi kwenye damu na kudhoofisha tezi zinazousaidia mwili kuhimili misukosuko, na operesheni ni msukosuko mkubwa. Chukua kopo lenyewe, hata kama maandishi yamefutika. Usiache ghafla kabla ya kushauriwa. Hilo nalo lina madhara yake.

Dawa nyingine ziandike zote, na za kienyeji pia. Aspirini na ibuprofeni huongeza kutokwa damu. Anayevuta sigara ataambiwa aache angalau wiki nne kabla. Taja kisukari, presha, selimundu. Mwanamke aliyewahi kutolewa tezi za kwapani kwa saratani ya titi aseme mapema, maana mkono huo unaweza kuvimba na usinywee tena. Anayetarajia kubeba mimba, au ambaye uzito wake bado unapanda na kushuka, ni afadhali asubiri. Madaktari wengi hutaka uzito uwe umetulia kwa miezi sita hivi.

Halafu kazi. Kwa mwezi mmoja hadi mmoja na nusu hutabeba bidoni la maji, hutainua jembe, na mtoto atabebwa na mwingine. Muyinga, mtu asijipangie operesheni wakati kahawa inaiva, wala Septemba watu wanapoingia shambani kupanda. Mwambie daktari unafanya kazi gani hasa. Ukisema tu "nipo nyumbani", atadhani unapumzika.

Kuhusu pesa, bima kwa kawaida hailipii urembo. Mkono uliojikunja kiwikoni kwa kovu la moto ni suala jingine kabisa: hiyo ni tiba, na mwenye tatizo hilo asijiweke kwenye foleni ya urembo. Uliza bei inajumuisha nini: nusukaputi, vipimo, nguo ya kubana mikono, marudio. Faili za hospitali zetu huandikwa kwa Kifaransa, na daktari wa Nairobi au Dar es Salaam huenda asikisome, basi tafuta muhtasari uliotafsiriwa.

Swali la mwisho liulize kabla hujalipa chochote: nikirudi nyumbani, mshono ukifunguka, nani atanihudumia? Kukaa kwenye basi saa nyingi mara baada ya upasuaji kunaweza kugandisha damu miguuni, hivyo uliza pia utakaa siku ngapi mjini kabla ya kuruhusiwa kusafiri. Omba barua yenye maelezo ya kilichofanyika na namba ya simu ya daktari, uipeleke hospitali ya Gitega au Muyinga siku unayofika, jeraha likiwa bado zima.