Shamba la kwenye kompyuta na dhahabu ya kwetu

Hosteli zetu zina wakulima wengi kuliko tunavyodhani. Usiku wa manane utamkuta mtu anamwagilia viazi kwenye skrini, na kesho ana mtihani. Gemu lenyewe ni Stardew Valley: unarithi shamba la babu, unalima, unafuga, unavua samaki na unashuka mgodini. Mzizi wake ni Harvest Moon, gemu la Japani la mwaka 1996.

Aliyelitengeneza ni Mmarekani Eric Barone. Alimaliza chuo mwaka 2011, ajira hakuna, akaanza gemu hili kama zoezi la kunoa ujuzi wake wa kompyuta. Michoro, muziki na hadithi, vyote kafanya peke yake zaidi ya miaka minne. Lilitoka Februari 2016, na sasa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 40.

Kwa sisi tuliokulia Kahama, jambo la kwanza kuliona ni kwamba shamba na mgodi viko kijiji kimoja, kama kwetu. Ila angalia dhahabu inakokwenda. Mgodi una ngazi 120, na dhahabu inaanza kupatikana kwa wingi ukifika ya 80. Mawe 5 ya dhahabu na kipande 1 cha makaa vinayeyushwa kuwa tofali moja. Tofali hilo, ukiliunganisha na chuma na kioo cha mawe, linakuwa kinyunyizio kinachomwagilia mimea 8 kila asubuhi. Yaani dhahabu inarudi shambani. Huku Geita na Kahama kijana anaacha jembe, anaingia duarani, akibahatika ananunua pikipiki au kiwanja mjini. Shamba la mama yake bado linaangalia mawingu.

Halafu gemu linadanganya kidogo. Usipomwagilia, mmea haufi, unasimama tu kukua. Mazao unatia kwenye sanduku, asubuhi hela imeingia, bei ni ileile hata ukiuza mia. Mwambie hivyo mkulima wa pamba wa Shinyanga, anayepanda mvua za Novemba na Desemba na kuijua bei miezi mingi baadaye, msimu wa ununuzi ukifunguliwa!

Hapa ndipo panaponivutia. Gemu hili limezaa vitu vingi: mchezo wa mezani mwaka 2021, matamasha ya muziki wake, na zaidi ya yote modi, yaani nyongeza zinazotungwa na wachezaji wenyewe. Moja, Stardew Valley Expanded, imeongeza watu, ramani na hadithi mpya. Modi nyingi ni mafaili ya maandishi na picha tu, si lazima uwe fundi wa programu. Hata lugha mpya unaweza kuiongeza, na Kiswahili hakimo kwenye zile rasmi.

Sasa fikiria modi ya Shinyanga. Badala ya majira manne, masika na kiangazi. Badala ya ghala la nyasi kavu, ngitili: malisho yanayofungwa wakati wa mvua, ng'ombe wakaingizwa kiangazi. Wasukuma walikuwa nayo zamani, na mradi wa HASHI ulioanza 1986 uliifufua. Na mmea usiponyeshewa, ukauke kweli.

Mtu wa kompyuta, mtu wa kilimo na mtu wa Kiswahili wanatosha kuianza. Wote watatu wapo chuoni hapa, na wengine wanacheza usiku huu.