Uzoefu wa Kazi ya Ufugaji wa Samaki: Kijana Aanzie Wapi?

Vijana wengi wa Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni hukutana na swali lile lile wanapoomba kazi: "Una uzoefu?" Katika ufugaji wa samaki swali hili lina uzito, kwa sababu mtu asiyejua kazi anaweza kupoteza bwawa zima kwa usiku mmoja. Lakini kijana asiyepewa nafasi atautoa wapi huo uzoefu? Katika makala hii tunaeleza kazi yenyewe ilivyo, mahali pa kujifunzia, na mambo ya kukubaliana kabla ya kuanza.

Kazi ilivyo

Ufugaji wa samaki si mgeni nchini. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya. Siku hizi pembezoni mwa jiji utakuta perege na kambale wakifugwa katika mabwawa ya kuchimba, ya zege na ya turubai, mara nyingi nyuma ya nyumba ya mtu. Perege hukua vizuri katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30, hivyo hali ya hewa ya Dar es Salaam inawafaa.

Jambo la kwanza la kujifunza ni maji. Hewa ya oksijeni hupungua zaidi kabla ya jua kuchomoza. Ndiyo maana mfanyakazi mzuri hufika bwawani alfajiri. Akiona samaki wamejaa juu wakihema, huacha kulisha na kuongeza maji safi. Maji ya bomba yenye klorini hayamwagwi moja kwa moja bwawani. Huachwa kwanza kwenye tangi lililo wazi siku moja au mbili. Maji ya kisima nayo yapimwe chumvi, hasa maeneo ya karibu na bahari.

Jambo la pili ni chakula, ambacho humaliza sehemu kubwa ya fedha za mfugaji. Tuchukue mfano wa samaki 1,000 wenye wastani wa gramu 50 kila mmoja. Jumla yao ni kilo 50. Wakilishwa asilimia 4 ya uzito wao, watahitaji kilo 2 kwa siku. Wastani huo haukisiwi kwa macho: samaki kadhaa huvuliwa kila baada ya wiki mbili au mwezi na kupimwa kwenye mizani. Kijana anayeweza kufanya hesabu hii humwokolea mwajiri fedha nyingi.

Jambo la tatu ni vifaranga. Perege huzaliana mapema, bwawa likajaa wadogo wasiouzika. Ndiyo maana wafugaji wengi hutafuta vifaranga madume. Kambale nao hutenganishwa kwa ukubwa, maana wakubwa hula wadogo.

Pa kutafuta nafasi

1. Anayetaka cheti aulize Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), ambao una kampasi Mbegani, Bagamoyo.

2. Aliye chuoni aombe mafunzo kwa vitendo kupitia chuo chake. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana vituo Kunduchi. Kingolwira, Morogoro, kuna kituo cha serikali cha ufugaji wa samaki.

3. Asiye na chuo aende kwa afisa uvuvi wa manispaa yake, aombe kuelekezwa kwa wafugaji wa karibu. Abebe barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.

Tunashauri mfugaji mdogo asidharauliwe. Kwenye bwawa lake utasafisha, utalisha, utapima, utavua na kuuza. Kwenye shamba kubwa unaweza kumaliza miezi yote katika kazi moja.

Makubaliano kabla ya kuanza

Hapa ndipo vijana wengi huumia. Kijana anabeba ndoo na kufyeka majani miezi mitano, kisha anaondoka bila ujuzi wala karatasi. Kujitolea kusigeuke kuwa kazi ya bure isiyo na mwisho. Anayefanya kazi kamili ya mwajiriwa anastahili mshahara. Kwa hiyo yaandikwe mambo haya, na pande zote mbili zitie sahihi:

- Tarehe ya kuanza na ya kumaliza;
- Kazi atakazofundishwa, na nani atamfundisha;
- Nauli na chakula cha mchana vitatoka wapi;
- Saa za kazi. Msichana asipangiwe zamu ya usiku peke yake;
- Barua ya kuthibitisha uzoefu mwishoni.

Kuhusu muda, perege huhitaji takriban miezi 6 hadi 8 kufikia ukubwa wa kuuzwa. Ni afadhali kwenda siku tatu kwa wiki kwa mzunguko mzima kuliko kwenda kila siku kwa mwezi mmoja. Anayeondoka kabla ya mavuno hajaona kama kazi yake ilileta faida au hasara.

Daftari ndilo shahidi

Kila siku ya kazi kijana aandike joto la maji, kiasi cha chakula, samaki waliokufa na sababu inayodhaniwa. Aongeze uzito kila wanapopimwa, na siku ya mavuno aandike kilo zilizouzwa na bei. Atakapoulizwa tena "Una uzoefu?", aweke daftari hilo mezani pamoja na barua. Mwajiri anayeijua kazi ataelewa kwa kurasa mbili tu.

Kwa wafugaji mnaosoma toleo hili, tunawaomba kila mwenye bwawa apokee angalau kijana mmoja kwa mzunguko mmoja, kwa makubaliano ya maandishi. Atapata msaidizi anayejua bwawa lake, na mtaa utapata fundi.