Kisu cha ngariba: Je, mgeni ana haki ya kutukataza?

BILA shaka, msomaji, umewahi kumsikia mzee akifoka kwenye harusi au matanga: “Haya ya kupinga tohara ya wasichana ni mambo ya Wazungu. Watuachie mila zetu!” Kabla hujamjibu, fahamu kwamba mzee huyo ana sehemu ya ukweli.

Mwaka wa 1929, wamishonari wa Kanisa la Scotland, wakiongozwa na Dkt John Arthur, waliwataka waumini Wakikuyu waikane desturi hiyo kwa sahihi au alama ya kidole gumba. Wengi walihama makanisa, wakajijengea shule zao wenyewe. Huko Meru, mnamo 1956, wazee wa Njuri Ncheke wakishirikiana na wakoloni walipiga marufuku tohara hiyo. Unajua wasichana walifanya nini? Walinunua nyembe, wakaenda kukatana wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani “nitajitahiri mwenyewe.” Amri ya mkoloni ilikuwa imeufanya wembe kuwa silaha ya kupigania heshima yao!

Lakini je, makosa ya mkoloni yanaufanya ukeketaji kuwa jambo jema? Hata kidogo. Damu anayopoteza msichana, na taabu inayoweza kumpata siku ya kujifungua, hazina habari na siasa za Wazungu.

Mwaka wa 1996 huko Gatunga, Tharaka, familia zipatazo 30 pamoja na chama cha Maendeleo ya Wanawake zilianzisha sherehe mpya. Wasichana walitengwa wiki nzima, wakafunzwa mambo ya utu uzima na afya, kisha wakatoka kwa nyimbo na zawadi. Kilichokosekana ni kisu tu. Shirika la Kimarekani lilisaidia, sikatai, lakini waliokubali kuacha ni mama zao wenyewe.

Hata sheria ya 2011 ilipitishwa na Bunge letu, si na Gavana. Mkosaji hufungwa miaka isiyopungua mitatu au kutozwa faini isiyopungua Sh200,000, na kumdhihaki mwanamke asiyekeketwa ni kosa pia. Daktari mmoja Mkenya, tena mwanamke, aliipinga mahakamani akidai ni ya kuiga wageni. Majaji walimkatalia Machi 2021. Mnamo 1998, wanawake 38 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kufikia 2022 walikuwa 15.

Nasi wa mjini tusijione tumeokoka. Wapo wazazi wanaomlipa muuguzi kisirisiri, na wapo wanaompeleka binti kwa nyanya shule zinapofungwa mwezi wa Desemba. Ikiwa nyanya amelitaja jambo hilo, usimwambie Wazungu wamekataza. Keti naye, umuulize yeye mwenyewe alifunzwa nini siku zile alipotengwa. Mengi kati ya hayo binti yako anayahitaji, na nyanya anaweza kumfunza bila wembe.